Si Lazima Awe Nyota

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na moja tulipotazama Taare Zameen Par sebuleni kwetu Tanga. Filamu ilitufikia kwenye flashi, sauti ya mtafsiri ikipita juu ya Kihindi, kama zinavyotufikia filamu nyingi za India. Ilipoisha, mama alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mimi nilikuwa nalia bila kujificha. Mdogo wangu hakulia. Alikaa kimya mpaka majina ya waigizaji yakaisha kupita, kisha akanigeukia akaniuliza, "Dada, na mimi kipaji changu ni kipi?"

Sikuwa na jibu. Wakati huo alikuwa darasa la tano na bado alikuwa anasoma kwa kuweka kidole chini ya kila silabi. Hachori. Haimbi. Mpira anaucheza kama watoto wengine wa mtaani wanavyoucheza, si zaidi. Ni mcheshi, mkarimu, na ukimtuma dukani anarudi na chenji kamili. Lakini filamu ilikuwa imempa ahadi, naye alikuwa anaidai.

Tangu usiku ule nimeitazama filamu hii mara nyingi, nyingine pamoja naye, nyingine peke yangu. Naipenda. Bila hiyo huenda mpaka leo nyumbani kwetu tungekuwa tunamwita mvivu. Hata hivyo naamini kwamba filamu iliyotufungulia macho ilitufundisha pia kutazama mahali pasipo sahihi, na kwamba swali la mdogo wangu ndilo uhakiki bora kuliko wote niliowahi kuusikia kuihusu.

Kwa asiyeijua: filamu ilitoka Desemba 2007, ikiongozwa na Aamir Khan kutokana na hadithi iliyoandikwa na Amole Gupte. Jina lake lina maana ya nyota zilizo duniani. Ishaan Awasthi, mtoto wa miaka minane wa Mumbai, hawezi kusoma. Kaka yake Yohaan anaongoza darasani na anacheza tenisi. Baba yao anaamini Ishaan ni mtundu na mvivu. Mama anakaa naye kila jioni na madaftari, anachoka, na kila asubuhi anaanza upya. Shule inamshindwa, na baba anampeleka bweni. Huko mtoto ananyamaza, na hata kuchora, kitu alichokuwa anakipenda kuliko vyote, anaacha. Filamu inapokaribia katikati ndipo anapoingia mwalimu mpya wa sanaa, Nikumbh, anayechezwa na Aamir Khan mwenyewe. Nikumbh anagundua kwamba Ishaan ana disleksia, kwa sababu na yeye utotoni alikuwa hivyo hivyo. Anamfundisha. Mwisho wa mwaka linaandaliwa shindano la uchoraji la shule nzima, na Ishaan anashinda.

Nianze na sifa, kwa sababu zinastahili.

Nusu ya kwanza ya filamu inafanya jambo gumu: inatuweka ndani ya kichwa cha mtoto kabla hatujapewa jina la tatizo lake. Kuna kipande cha mtihani wa hesabu, tatu mara tisa. Ishaan anazitazama namba na akili yake inaondoka. Tatu inakuwa sayari ya tatu, yaani dunia. Tisa inakuwa Pluto. Yeye ni rubani wa chombo cha angani, anaivuta dunia hadi inaigonga Pluto, na Pluto inasambaratika. Kilichobaki ni dunia, kwa hiyo jibu ni tatu. Anaiandika kwa furaha na kutoka darasani kama shujaa. Tunacheka, kisha tunakumbuka kwamba mwalimu atakayesahihisha karatasi ile hataiona safari yote. Ataona jibu moja lililokosewa na maswali mengine yaliyoachwa wazi.

Kuna pia kipande cha shairi kule bweni. Mwalimu anauliza maana ya shairi. Ishaan anaeleza kwa maneno yake, na anaeleza vizuri. Mwalimu hakubali. Anamsimamisha mtoto mwingine anayemwaga maelezo aliyoyakariri, na huyo ndiye anayesifiwa. Baadaye Rajan, mwanafunzi bora wa darasa anayetembea kwa magongo, anamwambia Ishaan kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Yeyote aliyepita shule zetu ameshakaa katika darasa lile. Tunajua thamani ya jibu lililokaririwa kama lilivyoandikwa ubaoni, na tunajua bei ya jibu la kwako mwenyewe.

Na kuna kipande ninachokipenda zaidi, ambacho hakina wimbo wala rangi. Nikumbh anawatembelea wazazi. Baba anashikilia kwamba mtoto ana kiburi, hataki tu kusoma. Nikumbh anachukua boksi la mchezo lenye maandishi ya lugha ambayo baba haijui, anamwambia asome. Baba anasema hawezi. Nikumbh anamkemea: huwezi vipi, jitahidi, unafanya ukaidi. Kwa muda mfupi baba anakuwa mahali alipokuwa mwanawe kwa miaka mitatu. Mama aliposikia hayo aliweka kikombe chake chini. Hakusema kitu, lakini tangu siku ile sijamsikia akimwambia mdogo wangu "jitahidi" kwa sauti ile ya zamani.

Basi tatizo liko wapi?

La kwanza ni herufi zinazocheza. Mapema katika filamu, mwalimu anamwambia Ishaan asome sentensi, naye anajibu kwamba herufi zinacheza. Kioo kinatuonyesha: herufi zinatambaa, zinageuka, zinakimbia ukurasani. Picha hiyo imekaa kichwani mwa kila aliyeitazama filamu. Ukimtajia mtu disleksia leo, atakuambia ni ugonjwa wa kuona herufi kinyume, b ikawa d. Mtafsiri wetu yeye alikosa neno kabisa, akasema "ugonjwa wa kutojua kusoma", na mdogo wangu akamtazama mama kwa hofu kama aliyeambiwa ana malaria.

Disleksia si ugonjwa, na kwa watoto walio wengi si tatizo la macho. Kiini chake kwa kawaida kiko katika sauti. Kusoma ni kuivunja lugha vipande vidogo vya sauti, kukipa kila kipande alama yake, na kuviunganisha tena haraka kiasi kwamba mtu asahau kuwa anaunganisha. Kwa mtoto mwenye disleksia kazi hiyo haiendi yenyewe. Anaweza kuongea vizuri, kuelewa hadithi, kubishana na kukushinda, lakini uzi kati ya sauti na alama ni mwembamba na unakatika. Kugeuza b na d hutokea kwa watoto wengi sana wanaoanza kuandika, na wengi wao huacha bila msaada wowote.

Sidhani kama Khan na Gupte walidanganya kwa makusudi. Sinema ni sanaa ya macho. Herufi inayotambaa inaonekana. Sauti isiyokaa kwenye alama yake haionekani, utaionyeshaje? Kwa hiyo filamu ilichukua kosa ambalo lina umri mkubwa kuliko sinema yenyewe ya India.

Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari la nchi yake kuhusu mvulana wa miaka kumi na minne aitwaye Percy. Mtoto alikuwa mwerevu, hesabu zilimwendea vizuri, alikuwa amefundishwa kwa bidii miaka mingi, na bado alisoma maneno mafupi kwa shida. Jina lake mwenyewe aliliandika "Precy" na hakuona kosa mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angekuwa kijana mwerevu kuliko wote shuleni. Morgan aliiita hali hiyo upofu wa maneno, akidhani ubongo wa mtoto unashindwa kuhifadhi picha za maneno. Katika hilo la picha sayansi ya baadaye haikumfuata. Lakini alifanya jambo lililohitajika: alikaa na mtoto, akatazama kwa makini alichokuwa anaandika, akakataa kumwita mjinga. Na taarifa yake haisemi kwamba Percy alikuwa mchoraji wa ajabu. Percy alistahili kuangaliwa kwa sababu alikuwa Percy.

Kosa la herufi zinazocheza lina gharama kwetu zaidi kuliko kwa Waingereza, na sababu iko katika lugha yetu.

Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu tano, kila moja na sauti yake, leo na kesho. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu, ameshika ufunguo unaofungua karibu kila mlango. Kiingereza hakiko hivyo; herufi zilezile zinabadilika sauti kila neno, na mtoto mwenye disleksia anaanguka mapema na kwa kishindo, makosa yake yanaonekana na kila mtu. Katika lugha zinazoandikwa kwa unyoofu, kama Kiitaliano, mambo huenda kimyakimya. Mwaka 2001 watafiti walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa watu wazima wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wenzao. Lakini walipopimwa ubongo wakati wa kusoma, upungufu wa kazi ulionekana eneo lilelile kwa wote. Tatizo lilikuwa moja. Maandishi ndiyo yaliyolificha kwa baadhi yao na kulianika kwa wengine.

Nilipolisoma hilo nilimwona mdogo wangu. Yeye hasemi kwamba herufi zinacheza. Haandiki kinyume. Ukimpa neno "hawakutuambia" atalifikia: ha-wa-ku-tu-a-mbi-a. Kila silabi ni sahihi. Lakini akifika mwisho, mwanzo umeshatoweka, inabidi arudi. Na Kiswahili kimejaa maneno ya namna hiyo, sentensi nzima iliyofungwa ndani ya kitenzi kimoja. Wenzake wanamaliza ukurasa, yeye yuko mstari wa tatu. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani anasikia silabi sahihi na kuhitimisha kwamba kijana anajua kusoma, ila ni mzito. Au hajali. Au, kwa neno tulilolitumia sote shuleni bila kuwaza, ni kilaza.

Hapo ndipo filamu inapomwacha mwalimu wa kwetu. Ameitazama, imemgusa, na sasa anasubiri mtoto wa kumwambia kwamba herufi zinacheza. Mtoto huyo haji. Anayekuja ni mwingine: anayesoma polepole mno, anayekariri kitabu kizima kwa kumsikiliza jirani ili akiitwa aonekane anasoma, anayeomba ruhusa ya kwenda chooni kila zamu yake inapokaribia. Mdogo wangu alikuwa na habari za hadithi zote za kitabu chake cha darasa la pili, neno kwa neno. Tuligundua siku kurasa mbili ziliposhikana kwa uji uliomwagika, naye akaendelea "kusoma" ukurasa ambao haukuwa mbele yake.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, na ndilo lililozaa swali la mdogo wangu. Ni tatizo la kipaji.

Katika filamu, Nikumbh anapotaka kumpa Ishaan moyo bila kumtaja mbele ya wenzake, anasimulia darasa zima habari za watu mashuhuri walioshindwa kusoma utotoni: Einstein, Leonardo da Vinci, Edison, mpaka mwigizaji Abhishek Bachchan. Ni kipande kizuri. Uso wa Darsheel Safary, mtoto anayemcheza Ishaan, unabadilika polepole kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Siku hizi orodha ya namna hii iko kila mahali, kwenye mabango na kwenye hotuba za kuhamasisha.

Orodha hiyo haina msingi imara. Hatuna uchunguzi wa daktari wa Leonardo. Kuhusu Einstein hakuna ushahidi wa kutosha kwamba alikuwa na disleksia, na hesabu alifanya vizuri tangu shuleni. Agatha Christie, ambaye naye filamu inamtaja, alisumbuliwa na tahajia, lakini alijifunza kusoma mwenyewe akiwa mdogo sana, kabla hata mama yake hajataka aanze.

Hata kama kila jina lingekuwa sahihi, hoja yenyewe ingebaki imepinda. Inasema: usimdharau mtoto huyu, huenda ni Einstein. Ina maana kwamba asipokuwa Einstein, je? Heshima yake imewekwa rehani kwa kitu ambacho bado hakijaonekana. Tunamsamehe kutojua kusoma kwa sababu anachora, kama mtu anayesamehewa deni kwa sababu ana shamba. Asiye na shamba anabaki na deni lake.

Tena filamu inalifanya hivyo huku ikijua vizuri madhara ya mashindano. Nusu yake ya kwanza ni malalamiko dhidi ya baba anayepima watoto kwa nafasi zao darasani. Nikumbh anazungumza kwa uchungu kuhusu dunia inayotaka kila mtoto awe wa kwanza. Kisha filamu inatafuta njia ya kutuambia kwamba Ishaan ameokoka, na njia inayoipata ni shindano. Shule yote inakaa chini kuchora, waamuzi wanapita, na Ishaan anakuwa wa kwanza. Picha yake inawekwa kwenye jalada la kitabu cha mwaka cha shule. Wazazi wanakuja, walimu waliomdharau wanamsifu, na baba analia. Mashindano hayakushindwa. Yalibadilishwa somo tu.

Najiuliza kuhusu watoto wengine katika filamu. Nikumbh anafundisha pia katika shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na wa viungo, nasi tunawaona kwa muda mfupi, wakicheka na kucheza. Hakuna hata mmoja aliyepewa hadithi. Rajan mwenye magongo anaruhusiwa kuwa mtu kamili, na yeye ndiye wa kwanza darasani. Inaonekana katika dunia ya filamu hii mtoto mwenye ulemavu ana mlango mmoja wa kuingilia: awe bora kuliko wasio na ulemavu.

Tatizo la tatu ni la muda. Nikumbh anamfundishaje Ishaan? Tunaona: herufi kwenye mchanga, herufi za udongo, namba kwenye ngazi, mtoto akipanda na kushuka kujumlisha na kutoa. Mbinu zenyewe ni za kweli. Kumfanya mtoto aguse herufi, aitamke, aione na aiandike kwa wakati mmoja ni njia ambayo walimu wa disleksia wameitumia kwa miongo mingi. Lakini filamu iliyochukua zaidi ya saa moja kutuonyesha mateso inayamaliza mafunzo kwa muziki na vipande vilivyoungwa. Kazi ya miezi na miezi inapita kwa dakika chache.

Sisi tulijaribu. Mama alileta mchanga kwenye sinia ya bati, na mdogo wangu akaandika kwa kidole huku akitamka. Wiki ya kwanza ilikuwa kama filamu. Wiki ya tatu alikuwa anaichukia sinia ile. Tulikuwa tunarudia mba, mbe, mbi, na kesho yake imefutika kichwani kama ilivyofutika mchangani. Nilikasirika. Nakumbuka nikimwambia, "Lakini jana uliijua!" na kujisikia nikiongea kwa sauti ya baba yake Ishaan. Hakuna aliyetuambia kwamba kusahau ni sehemu ya kazi yenyewe, kwamba mtoto huyu anahitaji kurudia kitu mara nyingi kuliko wenzake, kwa mpangilio, kidogo kidogo, bila kurukia somo jipya kabla la jana halijakaa. Tulikuwa tunasubiri wimbo uishe.

Kilichomsaidia hatimaye hakikuwa na mvuto wowote. Robo saa kila jioni, si zaidi, hata siku za sikukuu. Kadi za silabi zilizokatwa kwenye maboksi ya sabuni. Kusoma aya moja naye kwa pamoja, kisha yeye peke yake, kisha kesho tena ileile. Mwalimu mmoja aliyekubali kumwambia siku moja kabla ni aya gani atasomeshwa mbele ya darasa, ili afike ameshaifanyia mazoezi. Mwalimu mwingine aliyekuwa anamsomea maswali ya sayansi kwa sauti na kusikiliza majibu yake kwa mdomo, na kushangaa kwamba anajua karibu yote. Hawa walimu wawili hawakuwa na mafunzo maalumu. Walipewa ombi na mama mmoja aliyevaa baibui lake akaenda shuleni kuomba, akarudi tena alipokataliwa mara ya kwanza.

Na hapo niwe mkweli: ombi lile alijifunza kwenye filamu. Kuna kipande ambacho watu hawakitaji. Nikumbh anaingia ofisini kwa mkuu wa shule, na anaomba Ishaan apimwe kwa mdomo, tahajia yake isihesabiwe kwa muda, apewe nafasi. Mkuu ana mashaka lakini anakubali. Ni watu wawili wazima wanazungumza ofisini. Kwangu mimi maisha ya Ishaan yanabadilika pale. Asingepata nafasi ile, mchoro wake ungeshinda na yeye angeondolewa shule juma lililofuata.

Sasa mdogo wangu yuko kidato cha pili, na ukuta mpya umejitokeza. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Sekondari ni kwa Kiingereza. Yule aliyefika kwa kutambaa kwenye lugha inayosomeka kama inavyoandikwa anakabidhiwa ghafla lugha ambayo haisomeki hivyo, na anatakiwa kujifunza baiolojia na jiografia ndani yake. Watoto wengi huteseka mwaka ule. Kwa mwenye disleksia, miaka yote ya kufichika huisha kwa muhula mmoja. Alama zake zilianguka, na mwalimu aliyemwona kwa mara ya kwanza akamwandikia kwenye ripoti kwamba ajitahidi. Mama alivaa baibui lake tena.

Nimesema filamu inaisha na shindano. Lakini nadhani imebeba ndani yake mwisho mwingine ambao ni wa kweli zaidi, na kila nikiitazama nasimamisha hapo.

Baba wa Ishaan amekuja shuleni. Anamwambia Nikumbh kwamba mke wake amekuwa akisoma kuhusu disleksia, kana kwamba anawasilisha risiti ya kuonyesha kwamba wanajali. Nikumbh anamsimulia habari ya watu wa visiwa vya Solomon ambao, filamu inasema, wakitaka kuufyeka mti huuzunguka na kuutukana mpaka ukauke. Baba anatoka bila jibu. Akiwa anaondoka, anamwona mwanawe kwa mbali. Ishaan amesimama mbele ya ubao wa matangazo anajaribu kusoma kilichobandikwa. Herufi kwa herufi. Hajui kwamba anatazamwa. Hakuna makofi wala zawadi, na hasomi vizuri. Anasoma tu. Baba anasimama, machozi yanamtoka, kisha anageuka na kuondoka.

Kama ningekuwa na uwezo ningekata filamu pale. Mtoto asiye wa kwanza katika chochote, anayesoma tangazo kwa sababu tangazo limeandikwa na yeye anataka kujua linasema nini. Haki ya kusoma ni hiyo: kujua basi linakwenda wapi, dawa inanywewa mara ngapi, mkataba unaosaini unasema nini. Haihitaji kipaji cha kuilipia.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani. Usiku umeme ulikatika, tukakaa barazani, nikamkumbusha mdogo wangu swali lake la zamani. Alicheka, akasema alikuwa mtoto. Nikamwambia kwamba mpaka leo sijui kipaji chake ni kipi, na kwamba nilikosea kukitafuta. Nilimpeleka kuchora, nikamnunulia kinanda cha plastiki, nikamwandikisha karate, kana kwamba lazima tupate kitu cha kuwaonyesha watu. Alinyamaza kidogo. Akasema kinanda kile alikipenda.

Umeme uliporudi alichukua kitabu chake cha jiografia, akakaa mezani. Nilisikia anasoma kwa sauti ya chini, neno la Kiingereza, kimya, neno lilelile tena. Nilitaka kumwambia neno linalofuata. Mama akaniwekea mkono begani, nikamwacha amalize mwenyewe.